Moshi wa Mti wa Pili

Walikuwa wameshavunja vibuyu kumi na vinne nilipofika. Cha kumi na tano kilivunjwa mbele ya macho yangu. Askari wa Mamlaka alikiinua kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayepokea mtoto, kisha akakipiga kwenye jiwe la kunolea panga.

"Hicho kilikuwa cha mama yangu," Kogo Kobilo akasema.

Hakupiga kelele. Kogo ni bibi yangu, mama yake baba, na katika miaka themanini na kitu ya maisha yake sijawahi kumsikia akipaza sauti. Mimi ndiye niliyepiga kelele. Nilimwambia yule askari mambo ambayo daktari wa utafiti hapaswi kumwambia mtu yeyote, na yeye akanisikiliza kwa adabu zote huku akivua glavu zake nyeupe kidole kimoja kimoja.

Juu ya mlingoti nje ya boma, pua ilikuwa bado inalia. Mamlaka ya Kimya, inayosimamia dawa ya jina hilo, imesimika pua katika kila kijiji cha nyanda zetu za juu. Ni kisanduku cha kijivu chenye matundu, kinachovuta hewa bila kupumzika na kupiga king'ora kikinusa moshi wa senetwet. Senetwet ni kichaka chenye maua ya manjano, hakina makuu. Tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka, wanawake wa kwetu wamekuwa wakichoma kijiti chake na kukisugua kikiwa kaa la moto ndani ya kibuyu, hadi kibuyu kijae moshi na kuta zake ziwe nyeusi, ndipo wamimine maziwa ya kugandisha. Siku hizi kufanya hivyo ni kosa la jinai.

Askari akabandika ilani mlangoni. Nilikuwa naijua kwa moyo. "Kwa mujibu wa utafiti wa Dkt. Jemeli Arusei, chanzo cha dawa ya Kimya ni mti mmoja, senetwet. Moshi wake majumbani unawazoesha bakteria dawa hiyo, na umepigwa marufuku." Sentensi ya kwanza ni yangu. Ya pili waliizaa wao, bila ushahidi na bila haya, wakailaza kitanda kimoja na yangu.

Gari lao lilipoondoka nilipiga magoti nikaanza kuokota vigae vya vibuyu na kuvitia kwenye mifuko ya sampuli.

"Nisamehe, Kogo."

"Nikusamehe nini? Ulikuja na mashine yako ukaniuliza tunasugulia mti gani. Nikakujibu."

"Ukaniambia ni senetwet."

"Kwa sababu ulikuwa mwezi wa senetwet."

Mkono wangu ukasimama juu ya kigae. "Una maana gani, mwezi wa senetwet?"

"Ulikaa siku ngapi hapa kwangu, Jemeli?"

"Mbili."

"Mbili!" Akaguna. "Hata mbwa hakuwahi kukuzoea. Mwezi ukiandama tunabadilisha mti. Senetwet, halafu wa pili, halafu wa tatu, kisha tunarudi senetwet. Kibuyu ukikisugua kwa mti mmoja siku zote kinazoea. Kinafanya ute ndani, na maziwa yanavutika kama kamasi. Kila msichana wa huku analijua hilo kabla hajaolewa."

"Mbona hukuniambia?"

"Kwani uliuliza? Nilikuona unaandika mbio mbio nikasema, huyu ni damu yetu, haya mambo anayajua, anataka tu jina la mti."

Mimi ni damu yao, ndiyo. Nililelewa Nakuru na maziwa ya pakiti. Watafiti wa kigeni waliokuja kabla yangu walielezwa kila kitu mara tatu, kwa sababu kila mtu alijua hawajui. Mimi sikuelezwa, na sikuuliza, kwa sababu niliona aibu kuonekana mgeni nyumbani kwetu. Aibu ya siku mbili, na juu yake imejengwa dawa ya nchi nzima.

Kogo akaingia ndani, akatoka na mafungu mawili ya vijiti yaliyofungwa kwa kitambaa. Majina ya miti hiyo siyataji hapa, na mtanisamehe.

* * *

Dada yangu Chelagat alikuwa kitanda cha nne, wodi ya sita, hospitali ya rufaa ninakofanya kazi. Ni mwalimu wa hesabu. Miaka sita iliyopita aliwekewa vali ya bandia moyoni, upande wa kushoto, na vali hiyo sasa ilikuwa imevaa utando. Wagonjwa wote kumi na wawili wa wodi ile walikuwa na shida hiyohiyo. Homa zao zilipanda kila jioni, damu yao ilibeba vipande vya ute, na sote tulijua kwamba kipande kimoja kikifika kwenye ubongo, mambo yamekwisha.

"Joto lake halishuki, Daktari," Sista Nafula akaniambia niliporudi kutoka kijijini. Ndiye muuguzi mkuu wa wodi, na huwa hapambi maneno. "Naona tuna wiki moja. Ikizidi sana, siku kumi."

Bakteria akiwa peke yake ni kitu dhaifu. Lakini bakteria huitana. Kila mmoja hutoa kemikali kidogo, na kemikali hiyo ikizidi kiasi fulani wote wanajua kwamba wametosha, basi wanaanza kujenga. Wanajifunika ute mzito, wanatulia ndani yake, na antibiotiki zinagonga paa na kuondoka. Kimya, dawa iliyotokana na moshi wa senetwet, haimuui bakteria hata mmoja. Inawaziba masikio. Wasiposikiana hawajengi, na waliokwisha kujenga huachia ukuta na kutawanyika, ndipo antibiotiki za kawaida zinawamaliza.

Ilifanya kazi vizuri mno. Kwa miaka minne Mamlaka iliipaka kila mahali: kwenye vali, kwenye mirija ya mkojo, kwenye mabomba ya maji ya hospitali, kwenye masinki na mikasi. Molekuli moja, kila siku, kila mahali. Sasa kulikuwa na bakteria waliojifunza kusikia licha ya Kimya, na Mamlaka ilikuwa imekwisha kumpata mwenye kosa. Ni bibi mwenye kibuyu.

Nilipima vile vigae. Nilipima kuta za ndani za vibuyu vyote kumi na vitano, cha mama yake Kogo kikiwa cha mwisho. Hakukuwa na bakteria sugu hata mmoja. Kisha nikapima maji ya bomba la wodi ya sita, bomba lililopakwa Kimya kwa fedha za umma, nikawakuta wamejazana humo, ndugu kabisa wa wale waliokuwa kwenye damu ya dada yangu. Nilikaa kwenye kiti changu hasira zikinipanda mpaka utosini. Walikuwa wakivunja vyombo pekee katika nchi hii ambamo ugonjwa huu haukuwa umepata pa kuingia.

Nikachukua ute wa Chelagat niliouotesha kwenye kisahani cha kioo. Nikauwekea moshi wa senetwet, haukutikisika. Nikauwekea moshi wa mti wa pili. Baada ya dakika arobaini ulianza kujikunja pembeni, ukaachia kioo, ukaelea kama utandu juu ya maziwa yaliyopoa. Nililia peke yangu mle maabara, kwa furaha na kwa kitu kingine ambacho wakati huo sikukijua jina.

* * *

Bwana Onderi alinikuta mezani Jumatano, saa tisa alasiri. Ni mkuu wa Mamlaka katika mkoa wetu, mtu mtaratibu, shati limenyooka, na huwa anauliza hali ya wagonjwa kabla ya kuuliza jambo lingine lolote.

"Dada anaendeleaje, Daktari?"

"Anakufa, Bwana Onderi."

"Pole sana. Pole." Akaweka karatasi mbele yangu. Ilikuwa fomu ambayo kila mtafiti mwenye dawa iliyosajiliwa huijaza mara moja kwa mwaka. Ina swali moja tu: Je, kuna marekebisho yoyote katika utafiti wako? "Nimesikia ulikwenda kijijini na ukarudi na mzigo. Kama kuna mti mwingine, andika jina lake hapa. Kesho mashine zinachambua molekuli. Kesho kutwa dawa iko kwenye mshipa wa dada yako, na wa wenzake pia."

"Na wanawake wa kijijini?"

"Mti ukishasajiliwa, pua zinafundishwa harufu yake usiku huohuo. Unaijua sheria. Watumie ndoo za plastiki, Daktari, dunia imesonga."

"Ni zamu ndiyo inayofanya kazi, si mti," nikasema, nikachagua kila neno kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. "Ukitumia kitu kimoja peke yake, bakteria watakizoea. Mamlaka haiwezi kuzitumia dawa kwa zamu? Mwezi huu hii, mwezi ujao ile?"

Akatabasamu kwa huruma. "Kila molekuli itakuwa na mwenye leseni wake. Hakuna mwenye leseni atakayekubali dawa yake ikae kabatini miezi miwili ili ya mwenzake iuzwe. Wewe ni mwanasayansi, hayo ya soko yaache." Akasimama. "Jumatatu, saa saba mchana, nitaifuata. Ukiandika 'hakuna' na ikagundulika kulikuwa na kitu, ni jela. Nakwambia kama rafiki."

Rafiki! Aliondoka akaniachia harufu ya manukato yake na ile karatasi.

Nilimpelekea Chelagat habari yote. Sikuwa na haki ya kumficha, maana ni moyo wake. Alinisikiliza amefumba macho, midomo imekauka kwa homa, kisha akafanya kile anachofanya siku zote.

"Wa kwanza ulidumu miaka minne," akasema. "Wakiuchukua wa pili, minne. Wa tatu, minne. Halafu?"

"Halafu hakuna."

"Na miti ikishapigwa marufuku hakuna wa kukumbuka zamu. Watoto wa kijijini nao watakunywa maziwa yenye ute." Akafungua macho. "Usiniandike kwenye hiyo karatasi, Jemeli. Usije ukasema ulifanya kwa ajili yangu. Nitakuchukia hata nikipona."

"Kwa hiyo nikuache ufe?"

"Mimi nimekujibu langu." Akageuza kichwa kuelekea vitanda vingine. "Hawa kumi na mmoja hujawauliza."

Nilimkasirikia. Nilimkasirikia kwa kuwa na akili akiwa na homa ya nyuzi arobaini, nikamkasirikia Onderi, nikamkasirikia Kogo kwa kunidhania najua, na zaidi nikajikasirikia mimi. Nikiandika, ninawaponya kumi na wawili na kuwaibia wote watakaozaliwa. Nisipoandika, nakaa kimya juu ya dawa huku watu wakifa mbele yangu mmoja mmoja. Ni nani aliyetunga sheria ya kumweka mtu mahali kama hapo, akaiita ulinzi wa afya ya umma?

* * *

Alhamisi, saa za kuona wagonjwa, Kogo Kobilo aliingia wodini na kibuyu kidogo kilichobaki, alichokuwa amekificha kwenye ghala la mahindi. Alikaa kando ya kitanda cha Chelagat, akamshika mguu.

"Dawa umeipata?" akaniuliza.

"Nimeipata, Kogo. Siwezi kumpa. Hakuna mashine ya kuitengeneza wala ruhusa ya kuitia kwenye mshipa."

"Mshipa wa nini? Kwani mtoto hapumui?"

Siku nzima nilikuwa nikifikiria sindano. Lakini molekuli ile ni ya moshi, ni nyepesi, inapita kwenye mapafu na kuingia kwenye damu kama hewa yenyewe. Na damu ikitoka kwenye mapafu kituo chake cha kwanza ni moyo, upande wa kushoto. Inapita kwenye vali ya Chelagat kabla ya kugusa kitu kingine chochote mwilini. Antibiotiki zilikuwa tayari kwenye dripu yake, zinasubiri mtu azifungulie mlango.

"Kibuyu kina nini?" nikauliza.

"Moshi. Nilikisugua alfajiri kwa ule wa pili, nikakiziba. Pua yenu ya pale mlangoni imeninusa mpaka mwisho, haikusema neno."

Haikusema neno kwa sababu inaujua mti mmoja tu, ule niliouandika mimi.

Sikufungua kizibo hapohapo. Kuna mambo yasiyofanywa hata kwa hasira. Nilikwenda kitanda kwa kitanda na Sista Nafula, nikamweleza kila mgonjwa kwa lugha anayoielewa: hii si dawa iliyoruhusiwa, nimeijaribu kwenye kioo tu, inaweza isifanye kitu, inaweza ikabandua kipande kikubwa kikaenda kubaya. Kumi na mmoja, Chelagat akiwamo, walikubali. Mzee Tirop wa kitanda cha tisa, karani mstaafu wa wilaya, alikataa.

"Mimi nimeitumikia serikali miaka thelathini na tano," akasema. "Nitangoja ya serikali."

Nilimbembeleza. Nikarudi tena kumbembeleza. Alinipiga begani kwa upole, akaniambia nisijisumbue.

Ijumaa walikuja wanawake kumi na mmoja kutoka vijiji vitatu, Kogo akiwa mmoja wao, kila mmoja na kibuyu chake kwapani kimezibwa kwa kizibo cha ngozi. Walipita chini ya pua ya mlangoni wakiulizana habari za ng'ombe. Kila mmoja alikaa kando ya mgonjwa mmoja, akang'oa kizibo, akamsogezea kibuyu usoni. Moshi haukuonekana sana. Mgonjwa alivuta, akakohoa, akavuta tena, na yule mama akimshika kisogo asichoke. Ungewaona ungedhani wanawanywesha uji. Wakarudi Jumamosi, wakarudi Jumapili.

Jumapili jioni joto la Chelagat lilikuwa nyuzi thelathini na saba na nukta nane. Sista Nafula alipima mara tatu, akaenda kuchukua kipimajoto kingine, akapima tena. Waliovuta moshi, wanane homa ilikuwa imeshuka, watatu ilikuwa imesimama pale pale.

Mzee Tirop alikufa Jumatatu asubuhi. Kipande cha ute kilifika kwenye ubongo. Siku tano nzima niliijua dawa yake, na ningeweza kuiandika kwenye ile fomu, na ile aliyokuwa akiingoja ingemfikia. Hilo nimelibeba na sitalitua.

* * *

Saa saba mchana Bwana Onderi aliingia wodini badala ya kuja ofisini kwangu. Alikuwa na askari wake wa glavu nyeupe. Wanawake walikuwa wamekaa mahali pao, vibuyu mapajani. Macho ya Onderi yalizunguka wodi, yakatua kwenye kadi za joto zilizoning'inia vitandani. Anajua kusoma kadi.

"Lete hicho, Bibi," akamwambia Kogo.

Kogo akampa kibuyu kwa mikono miwili. Onderi akang'oa kizibo, akachungulia, akakipindua, akakitikisa juu ya kiganja chake. Hakikutoka kitu. Kisha akakisogeza puani, akavuta hewa kwa nguvu.

"Harufu hii ni ya mti gani?"

"Muulize daktari," Kogo akasema. "Yeye ndiye aliyeandika."

Wote wakanigeukia.

"Utafiti wangu unasema mti ni mmoja, Bwana Onderi," nikasema. "Ilani zako zinasema hivyohivyo, ziko kwenye kila mlango. Na pua yako ya pale nje imeshakwambia kwamba mti huo humu haumo. Hicho ni kibuyu kitupu."

Tabasamu likamtoka. Angeweza kutuburuta sote, lakini angetushtaki kwa kosa lipi? Sheria yake ilijua mti mmoja. Akamrudishia Kogo kibuyu, akatoa nakala ya ile fomu mfukoni mwake, akailaza kwenye kitanda cha tisa, kilichokuwa kimetandikwa shuka safi asubuhi ile, akanipa kalamu.

"Je, kuna marekebisho yoyote katika utafiti wako?"

Nilitaka kuandika. Mungu anajua nilivyotaka. Nilitaka kuandika kwamba ni makosa, kwamba nilikuwa mpumbavu wa siku mbili, kwamba bakteria sugu walizaliwa kwenye mabomba yenu wala si kwenye vyombo vya mama zetu. Nilitaka jina langu litoke kwenye ile milango. Mwezi wa senetwet ukirudi watavunja vibuyu tena, na kila atakayevunjiwa atasoma kwamba ni Jemeli Arusei aliyesema. Nikiuandika ukweli najisafisha mimi na kuwamaliza wao. Nikiuacha uongo ukae, zamu inabaki mikononi mwa wanaoijua.

Nikaandika: Hakuna. Nikatia sahihi chini ya uongo huo.

Onderi akakunja karatasi, akaondoka na askari wake bila kuuliza hali ya mgonjwa yeyote. Chelagat alikuwa amekaa kitako, ameegemea mito miwili, analia bila sauti. Sista Nafula alisema atafungua dirisha kidogo, kisha akaliacha limefungwa ili moshi usipotee.

"Wodi kama hii ziko ngapi nchini?" Kogo akauliza.

"Kumi," nikasema. "Hii na nyingine tisa."

Kogo akaweka kizibo mdomoni mwa kibuyu, akakigonga mara mbili kwa kiganja kikae sawasawa.

"Na huko nako," akasema, "saa za kuona wagonjwa ni hizihizi?"